Mdundo wa Maharage

Kosa langu la kwanza katika kazi ile lilitokana na usafi. Nilifungua mfuniko wa chini wa mashine ya ngoma ya Mwalimu wa Kwaya, nikaona kutu ya kijani kidogo kwenye vishikio vya betri, nikazitoa betri zote ili nisugue. Nilisugua kwa msasa laini, nikapangusa kwa spiriti, nikakagua kwa kioo cha kukuzia. Vishikio vikang'aa kama vimetoka dukani. Sikujua kwamba betri zile hazikuwa za kuwashia mashine. Zilikuwa za kuitunzia kumbukumbu. Kila mdundo ambao Mwalimu aliuingiza humo kwa miaka, pigo moja moja kwa kidole chake, ulishikiliwa na betri zile chafu, na mimi nilikuwa nimeuachia.

Nataka kumwandika yeye, siyo kosa langu. Lakini kila nikimkumbuka naanzia hapo, kwenye vishikio vinavyong'aa.

Alikuwa mwanamke aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi, akabaki mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja wa Kilutheri upande wa Olmotonyi, juu kule ambako asubuhi ukungu hutangulia kuingia kanisani kabla ya waumini. Alivaa sweta la kijivu mwaka mzima. Alibeba mwavuli hata kiangazi, na sikuwahi kuuona umefunguliwa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuongozea kwaya. Mwimbaji aliyeshuka sauti alijikuta ncha ya mwavuli imesimama mbele ya koo lake, na Mwalimu anatazama pembeni kana kwamba mwavuli umeamua wenyewe.

Nilimwogopa tangu siku ya kwanza. Mimi ni mtu wa tumbo: nikiwa na wasiwasi linajikunja kama waya uliobanwa. Kazi yenyewe nilijifunza peke yangu, kwa kusoma majarida ya zamani ya ufundi wa elektroniki niliyookota kwenye marundo ya mitumba, na kwa kufungua redio za majirani pale barazani kwetu Kijenge. Skrubu nilizipanga ndani ya viberiti kwa mpangilio zilivyotoka. Chuma cha kulehemu nilikikagua kama kimezimwa, nikaondoka, nikarudi kukikagua tena. Mtu asiye na mwalimu hajui kosa lipi ni dogo, kwa hiyo anayaogopa yote sawasawa.

Alifika barazani akiwa amefunga sanduku lake, ile mashine ya ngoma, kwenye khanga, mgongoni, kama mtoto.

"Shikamoo Mwalimu," nilisema, maana hata kabla hajajitambulisha ilikuwa wazi ni mwalimu.

"Marahaba. Wewe ndiye unayejua midi?"

"Ninaijua."

"Umewahi kuiweka?"

"Bado."

"Basi hujui, umesoma. Sawa. Hata mimi muziki nilianza hivyo."

Mama yangu, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, akacheka. Sisi ni Waislamu, babu alikuja Arusha kutoka upande wa pwani, na spika ya msikiti wa mtaani kwetu ilikuwa inakoroma kila alfajiri licha ya mimi kuifungua mara nyingi. "Spika ya msikiti imekushinda," Mama alisema, "sasa ngoma ya kanisa ndiyo utaiweza?"

"Siyo ngoma," Mwalimu alimjibu haraka, tena kwa ukali. "Ni sehemu ya kinanda."

Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe, na ndilo lililomtoa mlimani.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na mjini kila kitu kikawa kinauzwa: mashirika, magari, hata viti vya ofisi. Hoteli moja ya umma ilipopata mmiliki mpya, vyombo vya bendi yake vilitandazwa uani. Kwaya ilimtuma Mwalimu akanunue viti. Alirudi na sanduku jeusi lenye vitufe na safu ya taa nyekundu, na kwaya ikaendelea kukalia mabenchi yaleyale. Mwanamke huyu, aliyewahi kumsimamisha mtoto mlangoni kwa kuchezea kipande cha chaki, hakuomba radhi. Alisema viti vitawakalisha tu.

Sanduku alilipa jina la Mwanafunzi. "Ukimfundisha vibaya," alisema, "atarudia vibaya mpaka kiama wala hatakuuliza kwa nini. Mwanafunzi mbaya kabisa. Lakini hachoki, na hana mimba wala ndoa ya kumtoa shuleni."

Usharika wake ulikuwa umekubaliana zamani kwamba ngoma haiingii kanisani. Wazee waliona ngoma inaita mambo waliyokwisha kuyaacha. Kinanda kiliruhusiwa. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mzee mrefu aliyestaafu kazi ya misitu, alikuwa na masikio mazuri kuliko alivyotaka watu wajue. Jumapili ya kwanza sanduku lilipopigwa, alisubiri ibada iishe, akauliza hicho ni nini. Mwalimu hakuwahi kumdanganya hata mgonjwa. Aliyekuwa anakufa na kumwuliza kama anakufa, alimwambia ndiyo. Lakini mbele ya mwenyekiti alisema bila kupepesa: ni sehemu ya kinanda.

"Kama ni sehemu ya kinanda," mwenyekiti akamwambia, "basi kinanda chenyewe kikipige. Leo nimeona mtu anabonyeza. Siku ya Sikukuu ya Mavuno nitakaa karibu. Nikiona mkono wa mtu umekigusa, hiyo ni ngoma, na itatoka."

Mtu mwingine angesikia katazo. Mwalimu alisikia maelekezo ya ufundi. Ndipo akaulizia mjini ni nani anayejua kuunganisha kinanda na sanduku.

Midi ni lugha ya vyombo vya muziki vya umeme. Haibebi sauti kwenye waya, inabeba amri: anza, simama, piga hiki, ongeza mwendo. Kinanda cha kanisa kilikuwa kipya na kiliiongea. Sanduku lilitengenezwa kabla lugha hiyo haijakuwepo. Kilichonichanganya ni kwamba nyuma yake lilikuwa na tundu la pini tano, lenye umbo lilelile la tundu la kinanda. Mwalimu alikwisha kujaribu waya. Uliingia vizuri, na hakuna kilichotokea.

"Wamekaa benchi moja," aliniambia, "ila mmoja anasema Kimaasai na mwingine Kichina."

Ilibidi kuwe na mkalimani, bodi ndogo ya saketi ya kulehemu ndani ya sanduku. Niliagiza Nairobi kupitia dereva wa basi. Ilipofika, imefungwa katika gazeti pamoja na karatasi ya michoro, nilikaa nikiitazama bila kuigusa mpaka Mama akaniuliza kama inataka kuposwa.

Kanuni yangu ilikuwa moja: usifungue chombo chenye umeme. Ni kanuni nzuri, sikatai. Nilichomoa adapta. Kisha nikaona kutu. Mengine nimekwisha kuyasema.

Nililehemu bodi vizuri. Lazima niseme hivyo, kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichokuwa na hakika nacho wiki ile. Nilirudisha betri kwenye vishikio vyangu vinavyong'aa, nikawasha, nikabonyeza kitufe cha kwanza. Taa zikakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, zikarudi, zikakimbia tena. Hakuna sauti. Nikabonyeza cha pili. Taa zikakimbia. Nikabonyeza vyote, kimoja kimoja, kwa utaratibu, kama mtu anayegonga milango ya nyumba ambayo ameshajua wamehama.

Sikukuu ya Mavuno ilikuwa Jumapili iliyofuata. Sikula. Mwalimu aliposhuka kuchukua sanduku nilikuwa nimekaa nalo magotini.

Hakunisalimia. Alinyoosha kidole, akabonyeza kitufe kimoja cha katikati na kusubiri. Taa zilikimbia. Aliziangalia zikimaliza safari, zikianza nyingine.

"Amenyamaza," alisema.

"Nilitoa betri, Mwalimu. Zilikuwa chafu."

"Chafu sana?"

Ningeweza kusema sana.

"Kidogo."

"Kidogo," alirudia. Akakaa kwenye kigoda cha Mama, akaweka mwavuli magotini. Mimi nilisubiri nitukanwe. Nilitaka nitukanwe. Yeye alikuwa anasikiliza kitu ambacho hakikuwepo, na uso wake ukawa wa mtu anayehesabu watoto baada ya mafuriko.

Mwishowe aliuliza kama midi inafanya kazi. Nikamwambia inafanya.

"Basi umemtengenezea ulimi na kumfuta akili," alisema. "Simama. Lete mto wa kochi. Funga mlango."

Hapo ndipo nilipomwona Mwalimu mwingine.

Kwaya yake haikuruhusiwa kuyumba. Wengine wote mlimani walicheza mabega, wakainama, wakageuka. Waimbaji wake walisimama kama miti ya kupimia mpaka. Alisema mwili ukicheza sauti inalala. Yeye mwenyewe hakupiga makofi hata kwenye harusi. Kwa hiyo sikuwa tayari nilipomwona anavua viatu, anakaza khanga kiunoni, anashika mwavuli kwa mikono miwili na kuushusha juu ya mto wa kochi letu kwa nguvu iliyorusha vumbi.

"Haya ni maharage," alisema. "Yamekauka, yako juani, sisi wawili tumeyazunguka na fimbo. Mimi ni yeyo wangu." Yeyo ni mama, kwa Waarusha. "Wewe ni mama mdogo. Chukua ufagio. Ukipiga nami kwa pamoja tutavunjana vidole. Unapiga ninapoinua."

Nilipiga kwa mpini wa ufagio. Nilihesabu kichwani, nikalenga katikati kabisa ya mapigo yake mawili.

"Siyo."

Nikajaribu tena, kwa uangalifu zaidi.

"Siyo! Unamwogopa nani? Mama mdogo alikuwa na bega bovu. Alifika kwa kuchelewa. Siyo sana. Kama mtu anayeitikia hodi huku anakuja."

Jirani akapaza sauti ukutani, "Jamani, mnamuua nani huko?"

"Maharage!" Mama alimjibu, na hapo hata Mwalimu alitabasamu, huku mwavuli uko hewani.

Nilipiga mpaka mikono ikalegea, na nilipoacha kulenga ndipo ikatokea. Pigo lake, pengo, langu likija nyuma kidogo tu ya mahali lilipotakiwa. Mdundo ukatembea. Niliusikia chumbani kwetu Kijenge kama kitu kilichoingia na miguu yake.

Lakini sanduku hugawa kipimo katika sehemu kumi na sita, kila sehemu na taa yake, na pigo hulala juu ya taa au halilali. Mama mdogo alikuwa kati ya taa mbili. Nilimweleza Mwalimu hivyo.

"Najua," alisema. "Miaka yote hii ndani ya Mwanafunzi mama mdogo anafika mapema, wakati maishani hakufika mapema popote, hata harusini kwake. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na pa kumweka."

Ndipo nikakumbuka bodi. Midi haikuleta amri ya kuanza tu. Kinanda kingeweza kuliambia sanduku lipige sauti moja wakati wowote, papo hapo, bila kusubiri taa. Tukaingiza fimbo ya yeyo kwenye taa. Fimbo ya mama mdogo nikaipangia, kwenye bodi, kibao cha mwisho kabisa kushoto mwa kinanda cha kanisani, kile cha chini ambacho hakuna wimbo unaokihitaji. Mwalimu angekigusa kwa kidole chake kidogo, kwa kuchelewa anavyotaka.

Nilimwuliza kama hiyo haitakuwa mkono wa mtu.

"Mkono utakuwa kwenye kinanda," alisema. "Masharti nimeyasikia vizuri."

Midundo mingine tuliirudisha jioni ile, mingi yake. Kila mmoja ulikuwa na mahali ulikotoka: kinu cha kutwangia mahindi ya loshoro, ng'ombe wakishuka mlima, cherehani ya jirani. Hakuna hata mmoja uliotoka kwenye ngoma. Tulipofika kitufe cha mwisho alinyanyua mwavuli, akaushusha nusu, akasimama. Akajaribu tena. Ulikuwa mdundo wa mvua kwenye bati la shule aliyoanzia kazi, alisema, na bati moja lilikuwa halijapigiliwa vizuri. Alijaribu akiwa amefumba macho.

"Huu umeenda," alisema. Akavaa viatu.

Hakunilaumu tena, isipokuwa kwamba tangu siku hiyo aliniita Fundi Msafi, mbele ya watu.

Jumapili ile nilipanda mlimani, nikasimama nje, dirishani. Niliweza kuona kila kitu ambacho sikutaka kuona. Sanduku lilikuwa juu ya meza ndogo, wazi, bila kitambaa, kwa agizo la Mwalimu. Mwenyekiti alikuwa amesogeza kiti mpaka magoti yake yakakaribia kuligusa. Alifunga mikono kifuani akaliangalia kama mtu anayelinda mtego. Madhabahuni kulikuwa na ndizi, mahindi, miwa, kuku waliofungwa miguu. Kuku mmoja alilia na mimi nikadhani ni saketi.

Mwalimu alikaa kwenye kinanda, mgongo umenyooka. Nilijua waya wangu. Nilijua kila lehemu. Bado nilikuwa na hakika kwamba moja imeachia.

Alibonyeza kitufe cha kinanda.

Taa zikakimbia, na fimbo ya yeyo ikashuka. Hakuna mkono uliokuwa karibu. Watu wa mbele wakanyoosha shingo. Kwaya ikachukua wimbo wa mavuno, imesimama kama miti ya mpaka, na mdundo ukapita chini yao mkavu, wa upande mmoja, bila jibu. Mwalimu hakukigusa kile kibao. Kipimo kikapita, na kingine. Nilidhani amesahau. Nilidhani nimekosea kuunganisha na yeye amelitambua hilo na anajificha. Nikashika nondo za dirisha.

Kisha kidole chake kidogo kikashuka, kwa kuchelewa.

Mwenyekiti alifungua mikono. Hakufanya zaidi ya hapo. Aliliangalia sanduku, akamwangalia Mwalimu, akaangalia viatu vyake mwenyewe, na hakuinua macho mpaka wimbo ulipokwisha.

Baada ya ibada, nje, mnada wa mazao ulipokuwa umepamba moto, alinifuata.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mkono haukugusa." Alisita. "Na ile siyo ngoma. Yale ni maharage."

"Ndiyo, mzee."

"Kuna mmoja anachelewa."

"Ana bega bovu," nilisema.

Akageuka akaenda kushindania debe la maharage kwa sauti kubwa kuliko wote. Neno la kuruhusu sanduku halikusemwa kamwe. Halikutolewa nje, basi.

Nilifikiri Mwalimu atafurahi. Nilimkuta anamfokea mwimbaji wa sauti ya tatu kwa kuyumba. "Nimekuona! Kiuno kile cha nani?" Alipomaliza akanigeukia. "Fundi Msafi. Ulishika nondo za dirisha kama mfungwa. Unajua tatizo lako? Unaogopa kukosea kuliko unavyopenda kupatia."

Niliingia ndani kukagua waya tena.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka jana, Makumira, kwa binti yake alikohamia baada ya miguu kuanza kuvimba. Siku hizi usharika wake una ngoma halisi, za ngozi, zinazopigwa na vijana wanaoyumba wanavyopenda. Kwaya ilimpa yeye sanduku, na viti hatimaye ilipata. Alikuwa amekaa kwenye kimojawapo, walichomletea zawadi, na kukilalamikia kwamba kinayumba. Mwavuli ulikuwa umeegeshwa ukutani. Mikono yake ilitetemeka, na nilitambua kuwa pigo la mama mdogo asingeweza tena kulichelewesha kwa kupenda, lilikuwa linajichelewesha.

"Betri zimeanza kutoa jasho," aliniambia. "Nikamwambia binti aniitie Fundi Msafi."

Nilikaa chini na sanduku. Bisibisi niliiweka sakafuni.

"Kuna nini ndani, Mwalimu?"

Alinitajia. Kinu. Ng'ombe. Cherehani. Maharage. Alipofika kitufe cha mwisho alisema, "Hapo hamna kitu. Mvua haijarudi. Lakini usiweke kingine."

Niliacha adapta kwenye umeme ili kumbukumbu ishikiliwe. Nilitoa betri huku taa zinawaka, kinyume na kanuni yangu. Kutu ya kijani ilikuwa imerudi kwenye vishikio. Niliiona vizuri sana. Nilifuta ile tu iliyozuia betri kugusa, nikaiacha iliyobaki, nikaweka mpya, nikafunga.

Mwalimu alibonyeza kitufe cha katikati. Fimbo ya yeyo ikashuka chumbani, na yeye akaitikia kwa kucha kwenye mkono wa kiti.

"Umeacha uchafu," alisema, akiwa hajageuka.

"Kidogo," nilimjibu.

Bado nina tumbo lilelile, na bado narudi kukagua chuma cha kulehemu. Kilichobadilika ni kimoja: siku hizi sifungui chombo cha mtu kabla sijamwuliza kuna nini ndani, na kutu isiyozuia kitu naiacha.